Utando wa oksaidi ya zinki umegoma kupitisha umeme? Usikimbilie kulaumu oksijeni

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu hizi tando ni moja tu. Nimespreyi vizuri, kioo kimetoka kisafi kinang'aa, nikiweka mita inasoma megaomu au haisomi kabisa, shida ni mapengo ya oksijeni (nafasi za oksijeni zilizobaki wazi ndani ya fuwele) si ndio? Na mimi namrudishia swali: elektroni hazipo kabisa, au zipo ila hazitembei? Hapo wengi wanakaa kimya, maana hawajawahi kufikiria kwamba hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa ya moja inaweza ikaliongeza lingine.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Upitishaji umeme ni chaji ya elektroni mara wingi wa elektroni mara wepesi wake wa kutembea, basi. Chukua elektroni 10^20 kwa kila sentimita ya ujazo, wepesi 10 (vipimo vyake ni sentimita mraba kwa volti kwa sekunde), ukizidisha na 1.6 × 10^-19 unapata 160, ukigeuza ni ukinzani wa kama 0.006 omu-sentimita. Utando wa nanomita 300 utakupa kama omu 200 kwa mraba (yaani ukinzani wa kipande chochote cha mraba cha utando huo), ambayo kwa kazi ya kuspreyi ni matokeo ya kujivunia. Sasa mtu anasema "ukinzani wangu umepanda mara mia", sawa, lakini mara mia imetoka upande gani? Kasoro za ndani ya fuwele zinakula wingi, kasoro za kwenye mipaka ya punje (pale vifuwele vidogo vinavyounda utando vinapokutana) zinakula wepesi, na kuna zingine hazina aibu zinakula vyote.

Naongelea oksaidi ya zinki iliyodopiwa alumini (yaani imechanganywa alumini kidogo ili ipate elektroni zaidi), ile ya kuspreyi kwenye kioo cha moto, maana ndo nimeishika kwa mikono na ndo inafanyika kwenye maabara nyingi ambazo pampu ya vakyumu ni ya kuazima. Zinki aseteti gramu 2.2 kwenye mililita 100 za methanoli na maji kidogo, matone machache ya asidi ya asetiki ili isigande ukungu mweupe, alumini kloraidi yenye maji yake kama gramu 0.048 kupata alumini 2 kwa kila zinki 100, kioo digrii 400 mpaka 450. Mambo mengi hapa chini yanafanya kazi pia kwenye oksaidi ya bati, ila sio kila kitu, na nitasema wapi.

Kabla ya yote: una uhakika unachopima ni utando?

Ncha mbili za multimita juu ya oksaidi hazipimi utando, zinapima mguso. Metali kama dhahabu ikigusa oksaidi ya zinki nzuri inatengeneza kizuizi cha upande mmoja kama dayodi, na gundi ya fedha saa ingine inafanya hivohivo, wakati alumini, titani au indiamu zinakaa vizuri. Ukigeuza waya za mita na namba ikabadilika sana, hapo hujapima chochote bado. Tumia ncha nne zilizopangwa mstari, mkondo unapita za nje, volti unasoma za ndani, halafu volti gawa kwa mkondo mara 4.53 unapata omu kwa mraba (kama sampuli ni kubwa kuliko nafasi kati ya ncha, kwenye kipande kidogo lazima usahihishe). Na upime mahali tano, sio moja, maana spreya yoyote inamwaga zaidi katikati.

Kuna dogo mmoja aliniletea data za wiki tatu, grafu zimepangwa, maelezo ya kasoro ukurasa mzima. Tukafuta mguso wa gundi tukaweka indiamu, ukinzani ukaanguka mara elfu moja kwenye sampuli ileile. Sikumcheka, mi mwenyewe niliwahi kupima upande wa kioo usio na utando siku nzima.

Dalili: ukinzani ni mkubwa toka mwanzo, haujawahi kuwa mzuri

Hapa ndo lile swali la mwanzo linaingia, na uzuri ni kwamba huhitaji mashine ya Hall (ile inayopima wingi na wepesi wa elektroni kwa kutumia sumaku) kulijibu, spektrofotomita ya kawaida ya maabara ya kemia inatosha. Oksaidi ya zinki tupu inaanza kumeza mwanga karibu nanomita 375. Ukijaza elektroni nyingi, 10^20 na kupanda, zinakalia viti vya chini vya mkanda wa upitishaji (ngazi za nishati ambako elektroni zinatembea huru), kwahiyo mwanga unahitaji nguvu zaidi kurusha elektroni mpya mpaka kwenye kiti kilicho wazi, na ule ukingo unasogea kuelekea mawimbi mafupi, unaweza kufika hata 345 hivi kwenye sampuli iliyojaa kweli. Pia upande wa infraredi utando unaanza kumeza na kuakisi, ule uwazi mzuri unashuka.

Sasa angalia. Mwanga unauliza ndani ya punje, haujali mipaka. Mkondo wa umeme lazima uvuke mipaka yote. Kwahiyo ukingo ukiwa umesogea kabisa na infraredi imeshuka lakini ukinzani bado uko juu, elektroni zipo kibao ila ziko kwenye foleni, tatizo ni kuta, yaani vizuizi vya nishati, kwenye mipaka ya punje. Ukingo ukiwa haujasogea hata kidogo, elektroni hazipo, alumini haijafanya kazi au kuna kitu kinazimeza. Hiki kipimo kingeniokolea mwaka kama ningeambiwa mapema, na sijui kwanini hakifundishwi siku ya kwanza.

Cha pili cha kuthibitisha ni joto. Funika sampuli gizani, pima ukinzani digrii 25 halafu 80, panda haraka haraka. Kama tatizo ni kuta, elektroni zinapata nguvu ya kuruka na ukinzani unashuka: ukuta wa elektronivolti 0.1 unakupa kushuka karibu nusu, ukuta wa 0.3 unashusha mara sita hivi. Kama haubadiliki au unapanda kidogo basi utando unajiendesha kama metali na kuta sio hoja. Na usidharau 0.1 hiyo, kwenye joto la kawaida nishati ya mtikisiko ni 0.026 tu, kwahiyo ukuta mdogo hivo unaacha elektroni kama 2 kati ya 100 zivuke.

Sasa chanzo. Kama elektroni hazipo, mi naanza na kitu cha kijinga kabisa, joto la kioo. Hoti pleti inasema 400 lakini hiyo ni joto la chuma chini, uso wa kioo juu uko pembeni huko na kila mmwagiko wa matone unaupoza tena. Nilipobandika thermokapo juu ya kioo nilikuta chini kwa zaidi ya digrii 50. Kwenye joto hilo aseteti haivunjiki yote, mabaki ya kaboni yanabaki, na alumini inakaa tu mle kama abiria asiye na tiketi, haijaingia kwenye kiti cha zinki kwahiyo haitoi elektroni. Dawa: spreyi kwa vipindi vifupi, pumzisha sekunde 30 mpaka dakika moja kioo kirudishe joto, pandisha pleti.

Kama ni kuta, punje zako ni ndogo sana au mipaka imejaa oksijeni iliyonata. Utando mnene zaidi unasaidia maana punje za juu huwa kubwa kuliko zile za chini karibu na kioo, kwahiyo kutoka nanomita 150 kwenda 400 ukinzani unashuka zaidi ya ile hesabu ya unene peke yake. Na kioo cha kawaida cha dirisha kina sodiamu ambayo kwenye joto inapanda juu kuingia kwenye utando, ndo maana vioo vya kununua vyenye oksaidi ya bati vinawekewa kwanza tabaka la silika katikati.

Dalili: asubuhi namba ingine, jioni namba ingine

Hii ndo ninayoipenda, na ndo inayovunja watu moyo kuliko zote. Mtu anapima saa nne asubuhi karibu na dirisha anapata kiloomu 20, anaenda kula, anarudi kuna wingu, kiloomu 35, kesho yake asubuhi kiloomu 90. Anaanza kushuku mita, betri, mpaka anashuku wenzake wamegusa sampuli.

Hakuna aliyegusa. Juu ya uso na kwenye mipaka ya punje molekuli za oksijeni ya hewa zinanata, na zikinata kila moja inachukua elektroni kutoka kwenye utando na kukaa nayo. Elektroni zinapungua karibu na mpaka na ule ukuta unapanda, yaani unapoteza wingi na wepesi kwa mpigo. Mwanga wenye nguvu kuliko 3.3 elektronivolti ukipiga (na mwanga wa jua unaopita kioo cha dirisha unao wa kutosha) unazalisha elektroni pamoja na mashimo (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinazotembea kama chaji chanya). Shimo linakimbilia kwenye uso, linaiondolea oksijeni ile elektroni yake, oksijeni inaachia inaondoka zake, na elektroni iliyobaki haina mwenzake wa kuungana naye. Ukinzani unashuka. Ukizima mwanga oksijeni inarudi lakini polepole, kwa masaa, saa ingine siku, kwasababu kila inayonata inafanya ukuta uwe mrefu zaidi kwa elektroni inayofuata.

Kwahiyo sampuli yako inakumbuka ulikoishi nayo. Kuna hoja pia kwamba mapengo ya oksijeni ndani ya fuwele yakipigwa na mwanga yanabadilika umbo na kuchelewa kurudi, watafiti Lany na Zunger waliliandika hilo 2005, na inawezekana yote mawili yanatokea kwa pamoja. Kwa mtu wa benchi tofauti utaiona hivi: weka sampuli kwenye vakyumu au naitrojeni kavu, mulika, zima. Kama kurudi kumekuwa kwa taratibu sana kuliko kwenye hewa, basi oksijeni ya nje ndo mchezaji mkuu.

Dawa ya vipimo ni nidhamu tu. Kila sampuli ifungwe foili, ikae gizani usiku mzima, au uipashe digrii 150 gizani kwenye hewa nusu saa ili oksijeni inate mapema, ipoe, ndo upime, na upime gizani. Kama unataka namba ya chini ya kupendeza unaweza kupima chini ya taa, sawa, lakini andika hivo kwenye ripoti.

Na tusiite hii kasoro kila mahali, maana kuna watu wanaiuza. Sensa za gesi za oksaidi ya bati, kama ile MQ-2 inayotumika kwenye miradi mingi ya mwaka wa mwisho ya kugundua gesi ya jikoni imevuja, ni hii hii kitu: hita inachemsha oksaidi, oksijeni inanata inaweka ukuta, gesi ikija inachoma ile oksijeni, elektroni zinarudishwa, ukinzani unaanguka. Ndo maana karatasi yake ya maelezo inakwambia uipashe masaa 24 au zaidi kabla ya kuiamini. Wanafunzi hawapashi, wanawasha inapiga kelele, wanasema sensa mbovu.

Dalili: nimeongeza alumini na mambo yamekuwa mabaya zaidi

Asilimia 1 nzuri, 2 nzuri zaidi, ukasema basi niweke 5 nimalize kazi. Ukinzani ukapanda.

Alumini ikikaa kwenye kiti cha zinki inakuja na elektroni tatu za kugawa badala ya mbili, ile ya tatu ndo inaachiwa kutembea. Lakini viti ambavyo fuwele inakubali ni vichache, zinazozidi zinasukumwa kwenye mipaka ya punje na kutengeneza oksaidi ya alumini au ile ya zinki na alumini pamoja, ambazo ni vihami. Kuta unazijenga mwenyewe. Halafu kuna jambo la hila zaidi: kadri unavyojaza elektroni ndivyo inavyokuwa rahisi kinishati kwa fuwele kuacha kiti cha zinki wazi, na pengo la zinki linameza elektroni mbili. Yaani alumini mbili zimefanya kazi bure. Hii inakuwa mbaya zaidi ukispreyi kwenye hewa yenye oksijeni tele, kwasababu zinki ndo inakuwa haba. Hapo ndo utamsikia mtu anasema "nimeweka alumini 10^21 nimepata elektroni 10^20", zilizobaki zimekaa mpakani au zimeliwa.

Ukiwa na mashine ya eksirei angalia kilele cha karibu na digrii 34.4 (za pembe, sio za joto). Alumini ni ndogo kuliko zinki, ikiingia vizuri kilele kinasogea kidogo kwenda pembe kubwa zaidi, ukiongeza zaidi na kilele kikagoma kusogea, kikazidi kunenepa tu, umeshavuka mpaka. Rudi 1 mpaka 2.

Dalili: nimepasha upya kwenye tanuru, utando umekufa (au umefufuka)

Uliza hewa ya tanuru ilikuwa gani. Kwenye hewa ya kawaida digrii 400 na zaidi, karibu kila mara ukinzani unapanda: oksijeni inaingia mipakani, mapengo ya zinki yanaongezeka. Kwenye vakyumu au naitrojeni iliyochanganywa haidrojeni asilimia 5, digrii 300 mpaka 400, ukinzani unashuka. Mtu anaona hivyo anahitimisha: umeona, nimeondoa oksijeni, nimepata mapengo ya oksijeni, mapengo yametoa elektroni. Maelezo mazuri, yapo kwenye tasnifu nyingi, na kwa oksaidi ya zinki yana shida kubwa.

Mahesabu ya nadharia yanaweka kiwango cha pengo la oksijeni kama elektronivolti 1 chini ya mkanda wa upitishaji. Linganisha na 0.026 ya joto la chumba. Elektroni za kwenye pengo zimelala kisimani, haziwezi kutoka zenyewe. Mtafiti Chris Van de Walle mwaka 2000 alionyesha kwa mahesabu kwamba haidrojeni kwenye oksaidi ya zinki inatoa elektroni daima, tofauti na tabia yake kwenye semikondakta nyingi ambako inapingana na chochote kilichopo, na majaribio yaliyofuata yakakubaliana naye kwamba haidrojeni inatoa elektroni kirahisi. Sasa fikiria umespreyi nini: methanoli, maji, aseteti. Umeoga haidrojeni kuanzia kichwani mpaka miguuni. Na ile naitrojeni yenye haidrojeni asilimia 5 inafanya kazi mbili, inang'oa oksijeni iliyonata mipakani na inaingiza haidrojeni ndani.

Ishara ya haidrojeni (sio hukumu, ishara) ni hii: pasha kwenye naitrojeni safi kwa hatua, 300, 400, 500, 600, kila hatua pima. Kama upitishaji unaporomoka kati ya 500 na 600 bila oksijeni kuwepo, kuna uwezekano mkubwa haidrojeni ndo imetoroka, maana kama ingekuwa mapengo ya oksijeni, joto hilo lingeyaongeza badala ya kuyapunguza.

Ila usibebe hukumu hii kwenda nayo kila oksaidi. Strontiamu titaneti ukiinyima oksijeni kwenye joto kali, mapengo yake yanatoa elektroni kwelikweli na fuwele inakuwa nyeusi-buluu, oksaidi ya titani nayo inabadilika buluu na kupitisha umeme. Oksaidi ya nikeli ndo kinyume kabisa: iliyokamilika ni ya kijani na haipitishi kitu, ikipungukiwa nikeli inakuwa nyeusi na inapitisha kwa mashimo, kwahiyo huko oksijeni zaidi ndo dawa. Ukichukua mapishi ya moja ukayaweka kwenye ingine utalia.

Dalili: baada ya wiki kadhaa ukinzani umepanda wenyewe

Mvuke. Kama uko Dar, Mombasa au Tanga na sampuli zinakaa kwenye droo, unyevu unaingia kwenye mipaka ya punje na vinyweleo, na oksaidi ya zinki iliyodopiwa alumini ni dhaifu hapo kuliko ile ya bati yenye florini. Watu wa paneli za sola wanajaribu kwa digrii 85, unyevu asilimia 85, masaa 1000, na oksaidi ya zinki ndo huwa ya kwanza kulalamika. Tando nene zilizobanana zinavumilia zaidi. Weka kwenye kopo lenye silika jeli, na kama umeshaharibikiwa pasha digrii 200 kwenye vakyumu au naitrojeni, sehemu inarudi, sio yote.

Kuzeeka kwa mipaka kupo hata kwenye kitu ulicho nacho nyumbani. Ndani ya frijigadi kuna kidude cha duara, mara nyingi cha buluu, ni oksaidi ya zinki yenye bismathi kwenye mipaka ya punje, na hapo kuta zimejengwa kwa makusudi: kila mpaka unashikilia kama volti 3, ikizidi unafunguka ghafla na kumwaga umeme uliozidi. Kikipigwa mara nyingi, zinki zilizojibanza nje ya viti vyake zinahamia mipakani, kuta zinashuka, mkondo mdogo unaanza kuvuja, kidude kinapata joto, kinavuja zaidi. Ukikikuta kimepasuka au kimekuwa cheusi kitoe, usikitafutie maelezo mengine.

Dalili: mita inasema nimepata aina ya p (inayopitisha kwa mashimo)

Pole. Kabla hujamwita msimamizi, chukua pasi ya kuchomelea, ipate moto, iguse pembeni mwa utando kupitia waya mwekundu wa multimita, mweusi weka upande wa baridi, soma milivolti. Volti chanya maana yake elektroni ndo zinazokimbia kutoka kwenye moto, bado ni n, yaani inapitisha kwa elektroni. Kipimo cha Hall kwenye utando wenye ukinzani mkubwa, usiolingana unene na wenye miguso mibovu kinaweza kukupa alama yoyote kinayotaka. Na kama ulidopu naitrojeni ndo kabisa, 2009 Lyons, Janotti na Van de Walle walikokotoa kwamba kiwango chake kiko elektronivolti 1.3 juu ya mkanda wa chini, ule ambako mashimo hutembea, mashimo hayatoki humo kwa joto la chumba. Rudia kipimo baada ya mwezi mmoja sampuli ikiwa imekaa gizani. Ikiwa bado ni p kwa pasi na kwa Hall vyote viwili, hapo nitafute, nitakuja na mita yangu mwenyewe.